Daktari wa timu kwenye theluji: kuanzia begi hadi mteremkoni

Mwongozo huu ni wa daktari, muuguzi au mtaalamu wa fiziotherapia anayesafiri na timu ndogo kwenda Olimpiki ya Majira ya Baridi au mashindano ya dunia ya skii. Timu za aina hiyo kutoka kwetu zipo: Philip Boit aliiwakilisha Kenya kwenye kilomita 10 za skii kule Nagano mwaka 1998, na Sabrina Simader akashuka mteremko kwa skii kule PyeongChang mwaka 2018. Mataifa makubwa huja na kikosi kizima cha madaktari. Wewe huenda ukawa peke yako, ukitegemea kliniki ya kijiji cha wanamichezo. Kwa hiyo jiandae kwa mambo matatu: kumfikia mgonjwa, kutomuumiza zaidi, na kutompa dawa itakayomfungia mashindano.

Begi

Baridi huanza na vifaa vyako. Maji ya dripu hugandia kwenye mrija kabla ya mfuko, kwa sababu mrija ni mwembamba; ubebe mfuko ndani ya koti na mrija wake uzungushe papo hapo mwilini. Ampuli ziwe mfuko wa ndani, si begi la mgongoni. Betri za mashine ya kushtua moyo huishiwa nguvu haraka, hivyo mashine ikae kwenye chumba chenye joto hadi dakika ya mwisho, na betri ya akiba iwe kifuani mwako. Kipima sukari nacho hugoma au hutoa namba ya uongo kikipoa.

Kipima oksijeni cha kidoleni hakisomi kidole kilichopauka kwa baridi. Tafuta kile cha kubana sikioni. Kipimajoto cha sikio hudanganya pale sikio lilipopigwa na upepo au kuingia theluji. Ukihofia joto la ndani limeshuka, pima kwa njia ya haja kubwa mara mgonjwa anapoingia ndani, kwa kifaa kinachoweza kusoma chini ya nyuzi 35. Vipimajoto vingi vya kawaida vinaishia hapo.

Plasta haishiki kwenye ngozi baridi yenye unyevu. Beba bandeji za kuzungusha. Mikononi vaa glavu nyembamba za sufu, juu yake glavu za kitabibu saizi moja zaidi. Miguuni funga njumu za chuma. Mteremko wa mbio hunyunyiziwa maji makusudi ugande kama kioo, na mhudumu asiye na njumu huishia kwenye nyavu kando ya mgonjwa wake.

Dawa: hapa ndipo wengi huanguka

Katika Olimpiki za Vancouver 2010 na Sochi 2014, zaidi ya mwanamichezo 1 kati ya 10 aliripotiwa kuumia, na magonjwa mengi yalikuwa ya njia ya hewa. Mkimbiaji wa skii huvuta hewa nyingi, baridi na kavu kwa muda mrefu, mirija ya mapafu ikakauka na kubana. Ndiyo maana inhela zimejaa kwenye mifuko yao.

Kwa kanuni za dunia za dawa zilizokatazwa michezoni, salbutamoli ya kuvuta, dawa ya kufungua mirija ya mapafu, inaruhusiwa bila kibali, lakini kwa kipimo: mikrogramu 1600 kwa saa 24, na zisizidi 600 ndani ya saa 8 zozote. Inhela ya kawaida hutoa mikrogramu 100 kwa kubonyeza mara moja, maana yake mara 6 kwa saa 8. Sasa tazama nebulaiza, mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta: kichupa kimoja cha miligramu 2.5 ni mikrogramu 2500. Kichupa kimoja tu, na umeshavuka kikomo cha siku nzima. Mwaka 2016 mkimbiaji wa skii Martin Johnsrud Sundby wa Norwei alifungiwa miezi miwili na kupoteza ushindi wa mbio za Tour de Ski kwa sababu ya salbutamoli ya nebulaiza aliyoelekezwa na daktari wa timu. Akihitaji nebulaiza, mpe, kisha omba kibali cha matumizi ya tiba mara moja. Tabutalini, inayofungua mirija pia, inahitaji kibali kwa kipimo chochote.

La pili ni dripu. Sisi tumezoea kumtundikia dripu mtu aliyechoka. Kwa mwanamichezo, ndani au nje ya mashindano, zaidi ya mililita 100 kwa saa 12 kupitia mshipa ni kosa, isipokuwa katika matibabu ya hospitali, upasuaji au uchunguzi wa kitabibu. Nusu lita ya maji ya chumvi chumbani hotelini ni kosa kamili, hata kama ndani hamna kitu kingine. Mpe maji ya kunywa yenye chumvi na sukari.

Vidonge vya mafua vyenye pseudoefedrini viache nyumbani. Tramadoli, dawa ya maumivu, imepigwa marufuku wakati wa mashindano tangu 2024, na sindano na vidonge vya jamii ya kotisoni navyo haviruhusiwi kipindi hicho. Parasetamoli na ibuprofeni hazina tatizo. Dharura ni habari nyingine: aliyevunjika paja mpe dawa kali ya maumivu bila kusita, andika jina, kipimo na saa, na ombi la kibali litafuata baadaye.

Mteremkoni

Anguko likitokea, kazi ya kwanza ni redio. Usiingie njiani hadi usikie kwamba mwanzo umesimamishwa na aliyekwisha kuachiwa ameonyeshwa bendera ya njano. Kwenye mazoezi yasiyo na wasimamizi, chomeka skii mbili zikipishana mfano wa X mita kadhaa juu ya mgonjwa, wanaoshuka wazione.

Mfikie kwa ubavuni, usije ukamporomokea. Mmoja ashike kichwa. Mwingine aangalie damu inayomwagika, njia ya hewa na upumuaji. Toa miwani ya theluji uone macho. Usimvue nguo nje. Pasua tundu dogo, chunguza, funika. Wengi wa mbio za kasi huvaa fulana ya mfuko wa hewa: mitungi ya gesi na mitambo hukaa mgongoni, hivyo kata kwa mbele. Buti la skii ni gango tayari. Liache mguuni mpaka ndani, isipokuwa damu inatoka humo au vidole vimepoteza hisia; plastiki iliyoganda haifunguki bila kuuvuta mguu, na kwa aliyevunjika hayo ni mateso matupu. Mlaze kwenye godoro la kunyonya hewa, kisha kwenye sleji, kichwa kikiwa upande wa juu wa mlima.

Kwenye barafu hatari ni makali ya viatu. Kisu cha kiatu cha mbio fupi za kuteleza kwenye barafu hupasua paja hadi mshipa mkubwa. Bana palepale kwa mikono. Isipotulia, funga mkanda wa kubana damu sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, usiwe juu ya kiungo, ukaze hadi damu ikome, andika saa. Kwenye kinena mkanda haufai: jaza kitambaa ndani ya jeraha na ugandamize.

Kichwa

Aliyetikisika ubongo harudi siku hiyo. Atakuomba, na kocha atakuomba. Jibu ni hapana. Kutapika, degedege, kuona vitu viwili, shingo kuuma, udhaifu wa mkono au mguu, au kichwa kinachozidi kuuma: hospitali sasa hivi. Asiye na dalili hizo mpeleke chumba tulivu chenye joto ukamfanyie kipimo cha SCAT6, yaani maswali na majaribio ya kutambua mtikiso wa ubongo, dakika 10 hadi 15 bila haraka. Ukimpima kwenye theluji huku anatetemeka, majibu yatakuwa ya baridi, si ya ubongo. Siku 1 hadi 2 za mwanzo ni mapumziko na matembezi mepesi, halafu apande ngazi za mazoezi, kila moja angalau saa 24.

Baridi yenyewe

Mbio za skii za nchi tambarare, zile za masafa kama alizokimbia Boit, hazifanyiki joto likiwa chini ya nyuzi 20 hasi mahali pa baridi zaidi njiani. Hata juu ya hapo upepo huuma: Beijing 2022, mbio za wanaume za kilomita 50 zilikatwa hadi 30 kwa sababu ya upepo na baridi. Bandika mkanda wa kitambaa kwenye mashavu na pua kabla ya mbio. Mwisho wa mbio simama na fulana kavu mkononi. Jasho ndilo linalompoza mtu, na dakika 5 za mahojiano akiwa amelowa zinatosha kumtetemesha.

Ngozi ikiwa nyeupe, ngumu kama nta na haina hisia, imeganda. Usisugue, wala theluji wala mkono. Usiiyeyushe kama inaweza kuganda tena njiani, kwani kuganda mara ya pili huua nyama zaidi. Ndani, itumbukize kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 39, uyakoroge na kuongeza ya moto, dakika 30 hivi, hadi ngozi ilainike na kuwa nyekundu au zambarau. Itauma sana, mpe ibuprofeni mapema. Malengelenge yenye damu au vidole vinavyobaki vyeupe ni vya hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu dawa za kufungua mishipa zina muda wake.

Mwili ukishuka chini ya nyuzi 35 mtu hutetemeka na kupapasa maneno. Mvue nguo mbichi ndani, mfunike, weka vifuko vya joto kwapani na kifuani juu ya kitambaa, mpe kinywaji cha moto chenye sukari kama anameza vizuri. Akiacha kutetemeka huku bado ana baridi, hali imezidi. Mlaze chali, mbebe kama yai, asitembee, kwa kuwa mtikiso tu unaweza kuuvuruga moyo.

Akionekana hana mapigo, yatafute kwa dakika nzima kabla ya kuamua. Kisha anza kubana kifua na usikate tamaa. Chini ya nyuzi 30, shtua moyo mara 3 tu na uache adrenalini mpaka apate joto. Mwaka 1999 Anna Bågenholm, daktari aliyekuwa akiteleza kwenye skii Norwei, alinasa chini ya barafu ya kijito kwa dakika 80. Joto lake lilifika nyuzi 13.7. Walimbana kifua njia nzima hadi Tromsø, damu yake ikapashwa joto kwa mashine nje ya mwili, na akarudi kazini. Ndiyo sababu jina la hospitali ya karibu yenye mashine hiyo, pamoja na namba ya simu yake, vinaandikwa juu ya begi kabla ya siku ya kwanza ya mazoezi.