Shule ya Kifaransa ikikatiwa bajeti, kamati ya wazazi ianzie wapi

Wazazi wenzangu wenye watoto kwenye shule za Kifaransa, ikisikika tu kwamba Paris wamekata hela basi grupu la WhatsApp halilali, huyu anasema tugome, yule anasema namhamisha mtoto, na asubuhi wote tunamwandama mkuu wa shule. Mkuu wa shule muacheni kwanza. Kazi ya kwanza ya kamati ni kujua hela imekatwa wapi na aliyekata ni nani, manake ukigonga mlango usio wenyewe utapewa kahawa na maneno mazuri halafu utarudi nyumbani hivohivo.

Shule hizi ziko karibu 600 kwenye nchi zaidi ya 130, kwenye mtandao wa AEFE, shirika la serikali ya Ufaransa lililoanzishwa 1990, liko chini ya wizara yao ya mambo ya nje. Hapa Nairobi ni Lycée Denis Diderot, Kinshasa ni Lycée René Descartes. Ruzuku ya AEFE inatoka kwenye fungu namba 185 la bajeti ya Ufaransa, na basari za watoto wenye uraia wa Ufaransa zinatoka fungu 151. Hizo namba mbili ziandikeni kabisa, barua inayotaja fungu inasomwa na mtu anayehusika, ile ya "tunasikitika sana" inawekwa kwenye faili.

Halafu jueni shule yenu ni ya aina gani. Zipo zinazoendeshwa na AEFE yenyewe, zipo zenye mkataba nayo, na zipo zenye kibali tu ambazo hela ni yao wenyewe. Kwenye nyingi za mkataba anayeendesha shule ni chama cha wazazi, yaani wazazi haohao ndo wanapanga ada na kuajiri walimu wa hapahapa. Kama ni nyie, tenganisheni watu: wanaokaa bodi wasiwe ndo haohao wanaosemea familia kwenye baraza la shule, la sivyo mzazi aliyeshindwa ada atakuja kulia kwa mtu aliyeipandisha.

Angalieni ilivyokuwa 2017. Mwezi wa saba serikali ilifuta euro milioni 33 kwenye bajeti ya AEFE, mwaka ukiwa katikati, shule zimeshapanga mambo yao. Ikatangazwa kwamba nafasi kama 500 za walimu wanaotumwa kutoka Ufaransa zitapungua ndani ya miaka 3, na mchango ambao shule zinapeleka Paris kutoka kwenye ada ukapanda kutoka asilimia 6 hadi 9. Novemba 27 walimu wakagoma na sehemu nyingi wazazi wakawaunga mkono. Mchango ulikuja kurudi asilimia 6 mwaka 2019. Kwa hiyo jipangeni kwa miaka, sio kwa wiki, kamati inayomaliza nguvu zote kwenye mgomo wa siku moja itakuwa imelala wakati maamuzi yenyewe yanafanyika.

Hiyo asilimia muitafsiri kwa shilingi ndo watu waelewe. Tuseme ada ni milioni moja kwa mwaka, asilimia 6 ni 60,000, asilimia 9 ni 90,000, tofauti 30,000 kwa kila mtoto, na shule ikiwa na watoto 500 hiyo ni milioni 15 imeondoka kila mwaka. Mishahara ya watu hiyo. Mtafuteni mzazi mhasibu, lazima yupo, akae na mahesabu. Kwenye baraza la shule ulizeni kwa maandishi: wanafunzi wameongezeka au wamepungua, mishahara inakula kiasi gani, ada isiyolipwa ni ngapi, akiba ipo kiasi gani, Paris inakwenda ngapi. Mkinyimwa jibu, hakikisheni imeandikwa kwenye muhtasari wa kikao kwamba mliuliza.

Muda nao ni muhimu sana. Bajeti ya Ufaransa inajadiliwa bungeni Oktoba mpaka Desemba, barua iondoke Septemba, ya Januari haina kazi tena. Wafaransa wa nje wana wabunge 11 na maseneta 12 na madiwani wao kwenye kila eneo la ubalozi, hao ndo wa kuwabana, mzazi mwenye uraia asaini kwanza kwa sababu kura yake inawauma, lakini sisi wengine pia tusaini kwa sababu ada tunalipa. Na msiandike peke yenu, kuna shirikisho la vyama vya wazazi linaitwa FAPEE, barua moja ya shule nyingi inasikika zaidi.

Sasa kwenye shule yenyewe mtetee nini? Mimi siyumbi hapa. Cha kwanza ni familia zinazojilipia zenyewe, zile ambazo hazina mwajiri wa kulipa ada, ada ikipanda hizo ndo zinaondoka kwanza, wanafunzi wakipungua shule inakosa hela zaidi na inapandisha tena. Dai nyongeza igawanywe kwa miaka kadhaa na mfuko wa mshikamano uwepo, yaani wa kusaidia familia zinazoshindwa ada. Wenye uraia wakumbusheni basari, maombi yana awamu mbili kwa mwaka na wengi wanachelewa. Cha pili ni wafanyakazi walioajiriwa hapahapa na wasaidizi wa watoto wenye mahitaji maalum, hao hawana mtu Paris wa kuwasemea, ila waulizeni wenyewe kabla hamjawasemea.

Michango ya wazazi na sherehe za shule zinunue vitabu, vifaa, mapazia, chochote kinachonunuliwa mara moja. Mshahara hapana, hata mkiombwa vizuri vipi, kwa sababu mwaka ujao mtaombwa tena na serikali itakuwa imeshazoea.

Ada za watu kwa majina msiziongelee kwenye grupu. Tumeni fomu isiyo na jina, ulizeni swali moja tu: ada ikipanda, mtoto anabaki au anaondoka? Majibu yake pelekeni kwenye kikao kabla bajeti ya shule haijapigiwa kura.