Kuchuja dawa za gegedu maabarani kwa miguu ya ng'ombe

Anayeumwa magoti kwa osteoathritisi hupewa dawa ya kutuliza maumivu na mazoezi, na mwisho wa safari huwekewa goti la bandia. Hakuna dawa iliyoidhinishwa inayozuia gegedu lenyewe lisiendelee kulika, ilhali Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 528 walikuwa na ugonjwa huu mwaka 2019.

Njia ifuatayo haihitaji roboti wala fedha nyingi. Vipande hai vya gegedu la ng'ombe huchochewa kwa intaleukini-1 (IL-1), protini ya mwili inayochochea uvimbe, hadi seli zake zianze kulivunja gegedu, kisha hupimwa ni dawa ipi inayozuia uharibifu huo. Hatari yake kubwa ni moja: dawa inayoua seli hutoa namba zilezile za dawa inayolinda gegedu, kwa sababu seli iliyokufa haitengenezi kimeng'enya. Asiyejikinga na hilo tangu mwanzo atajaza orodha yake sumu.

Kwa nini kipande, si seli peke yake

Seli za gegedu zikioteshwa juu ya plastiki hubadilika tabia. Baada ya kuhamishwa mara chache huacha kutengeneza kolajeni ya aina ya II na kuanza kutengeneza ya aina ya I, kama seli za kovu. Ndani ya kipande seli hubaki mahali pake, na dawa hulazimika kupenya tishu nzito yenye chaji hasi inayozunguka seli kama itakavyolazimika kwa mgonjwa. Ukiwa na maelfu ya kemikali, anza na kipimo cha kimeng'enya kitupu, kwa mfano ADAMTS-5 (kimoja cha vimeng'enya vinavyolivunja gegedu), kisha zilizofaulu tu ndizo uzilete kwenye vipande.

Machinjioni

Agiza miguu ya mbele ya ng'ombe wa miezi 18 hadi 24, iliyokatwa gotini, ngozi ikiwa bado ipo na kifundo cha juu ya kwato hakijafunguliwa. Zungumza na wachinjaji mapema, maana miguu ya makongoro hubabuliwa motoni au kutiwa maji ya moto upesi, na joto hilo huua seli. Isafirishe juu ya barafu ndani ya mfuko, isigande, na uifungue ndani ya saa 24 tangu mnyama achinjwe.

Osha mguu kwa sabuni, chuna ngozi, futa kwa ethanoli ya asilimia 70, kisha fungua kifundo ndani ya kabati la usalama wa kibiolojia kwa visu safi. Ute wa kiungo uwe mwangavu wenye unjano kidogo. Ukiwa na damu au ukungu, achana na mguu huo. Toboa gegedu kwa kitoboleo cha duara cha mm 3, kisha kata chini yake kwa kisu cha upasuaji bila kugusa mfupa. Kila kipande kitakuwa na uzito wa takriban mg 5 hadi 10. Nyunyizia bafa ya fosfeti wakati wote, kwani gegedu likikauka seli za tabaka la juu hufa.

Suuza vipande mara tatu katika DMEM (kioevu cha kulisha seli) yenye penisilini yuniti 100/ml, streptomaisini µg 100/ml na amfoterisini B µg 2.5/ml. Changanya vipande vya mnyama mmoja ili sehemu nene na nyembamba zigawanyike kwa bahati nasibu, lakini usichanganye wanyama. Vipande ishirini vya ng'ombe mmoja bado ni ng'ombe mmoja, kwa hiyo panga angalau wanyama watatu.

Kuotesha na kuchochea

Weka kipande kimoja kwa kila kishimo cha sahani ya vishimo 96, pamoja na µl 200 za DMEM yenye HEPES (kidhibiti cha pH) mM 25 na dawa zilezile za vijidudu. Usitie seramu. Ina alfa-2-makroglobulini, protini inayonasa vimeng'enya unavyotaka kuvipima, na kila dawa itaonekana nzuri. Vishimo vya ukingoni vijaze maji safi tu, kwa kuwa hukauka haraka. Acha vipande vitulie saa 48 kwa nyuzi 37 na kaboni dioksidi asilimia 5, kisha mwaga kioevu hicho: kule kukatwa tu kunavujisha glikosaminoglikani (GAG), yaani minyororo ya sukari ya gegedu utakayoipima, na uvujaji huo hauhusiani na dawa yako.

Sasa weka kioevu kipya chenye IL-1 ng 10/ml pamoja na dawa. Mchujo wa kwanza ufanye kwa µM 10, vipande vinne kwa kila dawa. Zilizofaulu zirudie kwa dozi nane, kuanzia µM 30, kila dozi ikiwa takriban theluthi moja ya iliyotangulia. DMSO, kioevu kinachoyeyusha dawa, iwe asilimia 0.1 katika kila kishimo, hata kisicho na dawa. Badilisha kioevu siku ya 3, maliza siku ya 7, na uhifadhi kila kioevu kwenye nyuzi -20, isipokuwa sehemu ya siku ya 3 utakayoipima sumu. Ukitaka kuona kolajeni ikivunjika, ongeza protini nyingine ya kuchochea, onkostatini M, ng 10/ml na uendelee wiki tatu hadi nne.

Vishimo vya kulinganishia viwe vya aina nne: bila IL-1, IL-1 peke yake, IL-1 na deksamethasoni nM 100, na vipande vilivyogandishwa na kuyeyushwa mara tatu. Hivi vya mwisho havina seli hai, hivyo vinaonyesha GAG inayovuja yenyewe.

Kupima kwa rangi ya DMMB

Rangi hii, dimethilimethilini bluu (DMMB), hushikana na GAG. Ilielezwa na Farndale, Buttle na Barrett mwaka 1986 na bado inatosha. Katika lita moja ya maji weka mg 16 za dimethilimethilini bluu, glisini g 3.04, chumvi safi ya maabara (NaCl) g 2.37 na ml 95 za asidi ya hidrokloriki M 0.1, pH iwe 3.0. Itunze kwenye chupa ya kahawia.

Yeyusha kipande kilichobaki usiku kucha kwa nyuzi 65 katika ml 1 ya papaini (kimeng'enya kinachoyeyusha protini) µg 125/ml, ndani ya bafa ya fosfeti M 0.1 ya pH 6.5 yenye sisteini mM 5 na EDTA mM 5. Kwenye sahani tia µl 40 za sampuli, kisha µl 250 za rangi, na usome ufyonzaji wa mwanga kwa nm 525 papo hapo. Ukichelewa, rangi na GAG huganda pamoja na kuzama, na namba hushuka. Tengeneza viwango vya kondroitini salfeti (GAG safi ya kulinganishia) kutoka 0 hadi µg 40/ml katika kioevu kilekile cha sampuli. Punguza ukali wa sampuli: maji ya kipande kilichoyeyushwa yapunguzwe mara 10 hadi 20, na kioevu chenye IL-1 mara 20 hadi 50. Sampuli iliyopita kiwango cha juu haiaminiki hata kidogo.

Ripoti GAG iliyotoka kama asilimia ya jumla, yaani ya kwenye kioevu pamoja na iliyobaki kwenye kipande. Hapo tofauti ya uzito wa vipande haikusumbui tena.

Jihadhari na dawa zenye salfeti nyingi, kama heparini na pentosani polisalfeti. Zenyewe hushikana na DMMB na kuonekana kama gegedu linalovunjika. Kwa kila dawa pima kioevu kisicho na kipande, na pia kilichotiwa kondroitini salfeti µg 20/ml. Kipimo kisipokupa tena µg 20 hizo, dawa inaingilia rangi.

Kuitenga dawa na sumu

Siklohekisimidi huzuia seli kutengeneza protini, na kwenye kipimo cha GAG hulinda gegedu vizuri ajabu. Haifai kabisa kwa mgonjwa. Kwa hiyo pima LDH, kimeng'enya kinachovuja seli zinapokufa, kwenye kioevu cha siku ya 3, ambacho kwa kipimo hiki kisigandishwe, maana kimeng'enya hicho hudhoofika. Siku ya 7, kabla ya papaini, hamishia kipande kwenye kioevu chenye resazurini, rangi ambayo seli hai huifanya ing'ae, na usome mng'ao baada ya saa chache. Dawa iliyoshusha GAG pamoja na resazurini iondoe.

Zilizobaki zipe jaribio la kuosha, ambalo kwa maoni yetu lina uzito kuliko yote na ndilo linalorukwa zaidi. Kwenye vipande vingine vilivyokaa na dawa siku 3, ondoa dawa, suuza mara tatu, acha saa 48, kisha tia IL-1 upya. Seli hai zitaanza tena kuvunja gegedu. Kimya hapa mara nyingi ni kifo, ingawa dawa inayoshikana na kimeng'enya moja kwa moja inaweza kukawia kutoka. Kwa hiyo rudia resazurini kabla ya kuhukumu.

Kizuizi cha MMP, kundi jingine la vimeng'enya vinavyovunja gegedu, kikishindwa kupunguza GAG wiki ya kwanza, usidhani kipimo kimeharibika. Agrikani, protini inayobeba GAG, hukatwa kwanza na ADAMTS-4 na ADAMTS-5. Kazi kubwa ya MMP ni kwenye kolajeni, baadaye.

Dawa iliyovuka yote haya irudiwe kwenye gegedu la binadamu linalotolewa wakati wa kubadilisha goti, kwa ridhaa ya mgonjwa na kibali cha maadili. GLPG1972, kizuizi cha ADAMTS-5, ilifika hadi kwa wagonjwa na mwaka 2020 ikashindwa kufikia lengo kuu la jaribio la ROCCELLA. Kwenye kila jedwali andika umri wa mnyama, saa tangu achinjwe, idadi ya wanyama, na namba za resazurini kando ya namba za GAG.