Somo: Taa na upigaji wa picha za studio ukiwa na mwanamitindo mzoefu

Wakuu, mwanamitindo aliyezoea kazi hangoji umwambie "geuka kidogo, tabasamu". Ukibonyeza tu, kashabadili mkao. Wengi wetu tuliotokea kwenye picha za pasipoti na harusi tunachanganyikiwa hapo, maana taa zetu zimepangwa kwa mtu aliyetulia kitini. Somo hili ni la kupanga mwanga unaomvumilia mtu anayecheza.

Hatua ya 1: Taa ziwe tayari kabla hajafika. Bandika teipu sakafuni, msimamishe msaidizi hapo, ujaribu kila kitu. Akifika, kazi iliyobaki iwe kurekebisha urefu wa stendi tu.

Hatua ya 2: Kamera. Weka M (unapanga kila kitu mwenyewe), ISO 100 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), shata 1/160 (sehemu ya sekunde ambayo pazia la kamera linakuwa wazi), tundu la lenzi f/8. Piga moja flashi zikiwa zimezimwa: itoke nyeusi tii. Kama bado unaona umbo la mtu, mwanga wa dari au wa dirishani unaingia, uzime au uzibe. Rangi ya mwanga (white balance) weka Kelvin 5500, usiiache kwenye oto, la sivyo kila nguo itakupa ngozi ya rangi tofauti. Lenzi ya 85mm kwa sensa kubwa (full frame), 50mm kwa sensa ndogo (APS-C). Usimsogelee sana usoni, pua inakua.

Hatua ya 3: Taa kuu. Hapa ndipo penye somo. Tumezoea kuambiwa softiboksi (boksi la kitambaa la kulainisha mwanga wa flashi) iwe karibu ili mwanga uwe laini. Ni kweli, lakini piga hesabu. Taa ikiwa mita 1 kutoka usoni, naye akaegemea nyuma sentimita 40, mwanga unaomfikia unabaki nusu. Picha moja nyeupe, inayofuata giza. Taa hiyohiyo ikiwa mita 2, sentimita 40 zilezile zinampunguzia kama theluthi tu, na hiyo unairekebisha kwenye kompyuta bila shida. Kwa hiyo rudisha taa nyuma, na ulaini uutafute kwa ukubwa: softiboksi ya sentimita 120 au 150 badala ya ile ya 60.

Iweke pembeni kama nyuzi 45, juu kidogo ya macho yake, ikitazama chini. Kisha igeuze kidogo ili katikati ya mwanga ipite mbele ya uso badala ya kumpiga moja kwa moja. Akigeuka upande wowote bado ana mwanga. Upande wa pili simamisha ubao mweupe ukitaka kivuli chepesi, au kitambaa cheusi ukitaka sura iwe na ukali.

Hatua ya 4: Ngozi nyeusi. Ngozi nyeusi umbo lake linaonekana kwa mng'ao: ule mstari wa mwanga kwenye shavu, kwenye taya, begani. Usikimbilie kuongeza nguvu ya taa ili "atoke mweupe". Hiyo naiona ni dharau kwa mteja, na pia inaua picha. Sogeza taa pembeni zaidi mpaka mng'ao ukae pale unapoutaka, halafu weka taa nyembamba nyuma yake ikigusa nywele na bega. Poda kidogo kwenye paji la uso na pua, basi. Na usiiamini mita (kipima mwanga) ya ndani ya kamera, hupima kana kwamba kila kitu ni kijivu. Angalia histogramu, ule mchoro kwenye skrini unaoonyesha giza na mwanga wa picha.

Hatua ya 5: Nguvu ya flashi. Flashi ndogo ya betri ukiipiga kwa nguvu zote huchukua sekunde kadhaa kujaa tena. Yeye ndani ya muda huo kashapita mikao mitatu. Shusha hadi robo, na kama mwanga hautoshi, panda ISO 200 au 400.

Hatua ya 6: Kupiga. Mwambie mambo mawili: mwanga mkuu unatoka wapi, na fremu inaishia wapi, kiunoni au magotini. Muonyeshe picha za mwanzo kwenye skrini. Mzoefu akishaona kivuli kinaangukia wapi, ataanza kuitafuta taa mwenyewe. Hapo punguza maneno. Kama kola imekaa vibaya, muombe airekebishe, usimshike bila ruhusa.

Maswali ya wanachama

Mkuu, mimi nina flashi moja na mwavuli tu. Nifanyeje?
Inatosha. Mwavuli mweupe wa kupenyeza mwanga, ubao mweupe upande wa pili, na msogeze karibu na ukuta ili nao upate mwanga. Taa ya nywele isahau kwa sasa.

Picha zangu zina utepe mweusi chini. Flashi imekufa?
Hapana kaka, shata yako ina kasi kupita uwezo wa flashi, pazia linaanza kufunga kabla mwanga haujaenea. Kamera nyingi mwisho ni 1/200 au 1/250. Na triga (vifaa vya kuwasha flashi kwa mbali) za bei poa, baki 1/160.

Mteja wangu anavaa hijabu nyeusi na anataka kitambaa cheusi nyuma. Kichwa kinapotea.
Dada, mtoe mita 2 mbele ya kitambaa, weka taa mbili nyuma yake, kushoto na kulia, zichore ukingo wa hijabu. Zizibe pembeni zisiingie kwenye lenzi. Akikubali kitambaa cha kijivu, kazi inakuwa nusu.

Miwani inaakisi softiboksi nzima.
Pandisha taa juu kidogo kidogo huku ukitazama vioo. Ikigoma, muombe ainue mikono ya miwani juu ya masikio, vioo viiname chini kidogo. Nywele zitaficha.