Mhariri amekurudishia memwari imejaa rangi: namna ya kuipitia katika Word

Memwari yangu ya licence, yaani tasnifu ya kumalizia chuo, niliiprinti nakala tano siku mbili kabla ya kuitetea. Nilipofika nyumbani Katuba na kufungua ya kwanza, pambizo la kulia lilikuwa limejaa viputo: "Supprimé" (kimefutwa), "Supprimé", "Mis en forme" (umbo limebadilishwa). Kwenye kioo cha kompyuta sikuwa nimeona hata kimoja. Kumbe masahihisho ya mhariri nilikuwa nimeyaficha tu, nikadhani nimeyakubali. Nakala zote tano ziliishia kuwashia mbabula (jiko la mkaa), nami nikalipa kuprinti mara ya pili.

Tangu siku hiyo wadogo zangu wa chuo wananiletea mafaili yao, na karibu wote wanafanya moja kati ya makosa mawili: wanaficha rangi kama mimi, au wanabofya "kubali yote" bila kusoma. La pili ni baya zaidi. Mbele ya jopo hakuna atakayemwuliza mhariri kwa nini sentensi imeandikwa hivyo. Utaulizwa wewe.

Word nyingi za hapa Lubumbashi ni za Kifaransa, kwa hiyo nitataja vitufe kama vinavyosomeka kwenye kioo. Karibu kila kitu kiko kwenye kichupo cha "Révision".

HATUA YA 1: Weka nakala ambayo hutaigusa

Faili alilokutumia mhariri lihifadhi kama lilivyo. Kisha "Enregistrer sous", ulipe jina jingine, mfano memwari_napitia, na hilo ndilo la kufanyia kazi. La kwanza litume pia kwenye barua pepe yako mwenyewe, maana flashi za hapa mjini zinapita kompyuta nyingi na kila moja ina virusi vyake. Na hifadhi mara kwa mara kwa Ctrl+S. Umeme hautakungoja umalize aya.

HATUA YA 2: Hakikisha unaona kila kitu

Ndani ya "Révision" kuna kisanduku chenye chaguo nne: "Marques simples", "Toutes les marques", "Aucune marque" na "Original". Chagua "Toutes les marques". Sasa yaliyoongezwa yanaonekana kwa rangi na mstari chini, yaliyofutwa yanakatwa kwa mstari katikati au yanakaa kwenye viputo pembeni. Maandishi ya kijani yenye mistari miwili kwa kawaida ni aya iliyohamishwa kutoka mahali pengine. Usidhani ni mpya.

"Aucune marque" ndiyo iliyoniponza. Inakuonyesha memwari kana kwamba umekubali yote, lakini masahihisho bado yamo, yamelala tu. "Marques simples", iliyokuja na Word ya 2013, nayo inaonyesha kamstari pembeni tu, na jicho lililochoka linaruka. Kuzima "Suivi des modifications", kitufe kinachoifanya Word iweke alama kila unapobadilisha kitu, pia hakuondoi chochote: kunazuia masahihisho mapya yasiwekewe alama, ya zamani yanabaki palepale.

Fungua vilevile "Volet Vérification". Ni dirisha la kando linaloorodhesha kila badiliko na kutoa hesabu yake. Ukiona 1.140 usishtuke. Nyingi ni nafasi na mikato.

HATUA YA 3: Ondoa kwanza mambo ya umbo

Hii ni mbinu ninayoipenda kuliko zote. Bofya "Afficher les marques", ondoa alama ya tiki kwenye "Insertions et suppressions" na kwenye "Commentaires", uache "Mise en forme" peke yake. Pitisha macho haraka. Kama mhariri amepanga tu ukubwa wa herufi na nafasi kati ya mistari kama chuo kinavyotaka, fungua kishale kilicho chini ya "Accepter" uchague "Accepter toutes les modifications affichées". Angalia neno la mwisho, "affichées": yanakubaliwa yanayoonekana tu, maneno hayaguswi. Kisha rudisha tiki zote. Mara nyingi hesabu inashuka hadi nusu, na moyo nao unatulia.

HATUA YA 4: Maneno, moja baada ya jingine

Nenda mwanzo wa faili. Tumia "Suivant" kuruka hadi badiliko linalofuata, soma sentensi nzima, siyo neno lenye rangi peke yake, halafu "Accepter" au "Refuser" (kwenye Word mpya unaweza kukuta "Rejeter"). Ukikosea, Ctrl+Z.

Tahajia, viambishi vya Kifaransa, wingi na umoja: kubali, shukuru, endelea. Aya ambayo umeisoma yote na haina neno, ichague yote kwa kipanya ubofye "Accepter" mara moja. Kila kilichomo kinakubaliwa.

Panapotaka umakini ni pale mhariri anapogusa maana bila kujua. Nitoe mifano niliyokutana nayo.

Dada mmoja aliandika kwamba aliwahoji wauzaji wa unga "à la Kenya". Mhariri wake hakuwa mtu wa hapa. Akafuta "à la", akaweka "au". Kisarufi ni safi kabisa! Ila sasa utafiti uliofanywa kwenye komini (sehemu ya mji) yetu inayoitwa Kenya, mwendo wa basi moja kutoka mjini, umehamia Nairobi. Angebofya kubali yote, jopo lingemwuliza tiketi ya ndege alilipiwa na nani.

Kijana mwingine aliandika juu ya wachimbaji wa mikono wa Kolwezi, "creuseurs artisanaux". Mhariri aliona "creuseurs" ni neno la mtaani, akaweka "mineurs" kila mahali. Kwa Kifaransa "mineur" ni mchimba madini, na pia ni mtoto ambaye hajafikisha umri wa utu uzima. Katika memwari inayozungumzia kazi za watoto migodini, sentensi kama "les mineurs gagnent peu" haieleweki tena inamsema nani. Hapo ni "Refuser", kuanzia la kwanza hadi la mwisho.

Mfano wa sheria: "la loi n° 007/2002 du 11 juillet 2002 portant Code minier, telle que modifiée et complétée par la loi n° 18/001 du 9 mars 2018". Mhariri aliona sentensi ndefu, akakata kuanzia "telle que". Sentensi ikapumua, lakini mwanafunzi sasa anaonekana hajui kwamba sheria ya migodi ilibadilishwa mwaka 2018. Urefu mwingine una kazi yake.

Na huu wa Katanga nimeuona mara mbili. Mhariri mwenye nia njema anabadilisha "Katanga" kuwa "Haut-Katanga" kotekote, maana tangu 2015 mkoa ule umegawanywa kuwa minne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Sawa, lakini kama takwimu zako ni za 2012, zinahusu Katanga nzima. Ukikubali, umechukua watu wa mikoa minne ukawasongamanisha kwenye mmoja.

Sasa mtego wa kiufundi. Neno likibadilishwa, Word inahesabu mambo mawili: kufutwa kwa la zamani na kuongezwa kwa jipya. Ukitaka kurudisha "à la Kenya" lazima ukatae yote mawili. Ukikataa "au" peke yake na kukubali kufutwa kwa "à la", unabaki na "quarante vendeuses Kenya". Ndiyo maana nasema: baada ya kila uamuzi soma sentensi tena.

Kuna wakati la kwako halikuwa zuri na la mhariri pia si sahihi. Andika la tatu. Kama faili litarudi kwake au kwa msimamizi, acha "Suivi des modifications" ikiwa imewashwa ili waone ulichofanya. Kama ndiyo mara ya mwisho, izime kwanza, usije ukazalisha rangi mpya.

HATUA YA 5: Maoni

Maoni ya pembeni hayakubaliwi wala hayakataliwi, yanajibiwa. Mhariri akiandika "Source ?", usifute hadi utakapoweka chanzo. "Résoudre" inayafifisha tu, hayaondoki. Ukimaliza yote, kishale cha "Supprimer", kisha "Supprimer tous les commentaires du document".

HATUA YA 6: Kabla ya kuprinti

"Volet Vérification" iwe sifuri. Usisahau maelezo ya chini ya kurasa, masahihisho hupenda kujificha huko. Kisha bofya ndani ya jedwali la yaliyomo, F9, usasishe jedwali lote. Ukifanya hivyo mapema, vichwa vilivyofutwa ambavyo hujavikubalia vitajitokeza tena. Kwenye dirisha la kuprinti hakikisha "Imprimer les marques" haina tiki. Au fanya kama mimi sasa: tengeneza PDF, ifungue, ipitie hadi mwisho, na PDF hiyo ndiyo uipeleke kuprintiwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Ruashi: Yaya, miye sina mashini, niko na simu tu. Inawezekana?

Inawezekana, mdogo wangu. Word ya Android ina "Révision" kwenye orodha ya vichupo, na unaweza kukubali au kukataa. Kwa kusoma maoni ukiwa kwenye basi ni nzuri sana. Lakini majedwali na ukaguzi wa mwisho fanyia kwenye kompyuta, hata ya kukodi saa moja. Na mhariri akikutumia kwa WhatsApp, atume faili lenyewe la Word, siyo picha za kurasa.

Mwanafunzi wa sheria, Likasi: Masahihisho yote yameandikwa jina "Client 2". Msimamizi na mhariri walitumia kompyuta za kukodi, sijui nani alisema nini.

Word inachukua jina lililoandikwa kwenye kompyuta, haijui nani ameketi mbele yake. Kama wote wawili wana jina moja, rangi ni moja na hakuna kitufe cha kuwatenganisha. Angalia tarehe na saa kwa kuweka kipanya juu ya badiliko, itakusaidia. Safari ijayo waombe kabla ya kuanza wabadilishe jina: "Fichier", "Options", "Général", "Nom d'utilisateur". Majina yakiwa tofauti, "Afficher les marques" na "Personnes spécifiques" zitakuonyesha mmoja mmoja. Mimi huanza na msimamizi, kwa sababu yeye akifuta aya nzima hakuna haja ya kuhangaika na mikato ya mhariri ndani yake.

Mama mwalimu, Kampemba: Wangu amenirudishia faili safi, bila rangi hata moja, na anasema amesahihisha sana. Nitajuaje alichogusa?

Mama, hapo tumia "Comparer". "Document d'origine" weka faili lako la zamani, "Document révisé" lake. Bofya "Plus" uondoe tiki kwenye "Mise en forme", la sivyo utazama kwenye rangi. Word itatengeneza faili la tatu lenye tofauti zote kama masahihisho ya kawaida, na yale mawili hayataguswa. Kutoka hapo rudi hatua ya 4. Sharti ni uwe bado na faili ulilompa. Ndiyo maana hatua ya 1 niliiweka mbele.

Mwanachama wa Kamalondo: Vitufe vya "Accepter" na "Refuser" vimefifia, havibonyezeki.

Huenda mhariri alibofya "Verrouiller le suivi" na kuweka nenosiri. Mwombe nenosiri hilo, kisha bofya palepale ulifungue. Wengine hufunga hivyo wakisubiri malipo yao. Hilo mmalizane wenyewe.

Mwanachama wa Kipushi: Natumia LibreOffice, siyo Word. Nimepotea kabisa.

Nenda "Édition", "Suivi des modifications", "Gérer". Linafunguka dirisha lenye orodha ya mabadiliko, na vitufe vya kukubali na kukataa viko chini yake. Ukirudisha faili kwa mtu wa Word, lihifadhi kwa .docx.

Mwanafunzi, Kasapa: Mhariri amerekebisha kwa mkono marejeo niliyoyaweka kwa Zotero, programu ya kupanga marejeo. Nikubali?

Kataa, halafu urekebishe ndani ya Zotero yenyewe. Ukikubali, itaonekana vizuri leo, lakini Zotero ikisasisha marejeo itakuambia yamebadilishwa nje yake na kukuuliza kama iyaache au iyarudishe. Ukijibu haraka haraka, kazi ya mhariri imepotea.

Mwanachama wa Katuba: Aliyenisahihishia ni mwalimu wangu wa Kifaransa wa sekondari, mzee wetu, na hakunitoza kitu. Nikikataa masahihisho yake ataona nimemdharau?

Mzee hawezi kukasirika ukimweleza. Usimrudishie faili likiwa na mambo yaliyokataliwa kimyakimya. Pale unapokataa, weka maoni mafupi: "Mwalimu, neno hili ndilo walilotumia wachimbaji wenyewe, naomba tuliache." Mimi wa kwangu alinijibu kwa "D'accord" kumi na mbili, na mara moja tu kwa "Non, relis ta phrase". Niliposoma tena, alikuwa na haki.