Mtoto anaogopa mabembea ya gizani? Kazi inaanzia nje, kabla hamjapanda

Nianze na kosa langu mwenyewe. Binti yangu alikuwa na miaka minne na nusu, tuko kwenye foleni ya lile bembea la ndani, yaani unapanda kaboti kanaingia kwenye jengo lenye giza kanapita kwenye masanamu yanayocheza, akaniuliza "mama, humo ndani kuna nini?" na mimi kwa kuchoka na foleni nikamjibu "hamna kitu mama, ni kaboti tu kanazunguka". Kona ya kwanza tu, mifupa ya mtu imekaa kwenye kiti inacheka, taa zinawaka ghafla, radi kwenye spika. Mtoto aliingiza kichwa kwapani kwangu akaning'ang'ania na kucha mpaka nikatoka na alama, na siku nzima iliyobaki hakukubali kupita mlango wowote ambao ndani yake haonekani mtu, hata chooni aligoma, tukaishia kutafuta kichaka.

Baadae ndo nikaelewa kwamba ile mifupa angeisamehe, mimi ndo nilimponza. Alikuwa ameuliza swali la maana kabisa nikamdanganya. Kwa hiyo kama kuna kitu kimoja utabeba kutoka hapa ni hiki, mwambie ukweli kabla hajakaa kwenye kiti. Mtoto wa miaka mitatu mpaka sita kuogopa giza ni kawaida kabisa, kichwa chake kinatengeneza picha kwa kasi na bado hajawa na uhakika kipi cha kweli na kipi cha kuigiza, sasa ukimwachia giza tupu analijaza mwenyewe, na atakachokijaza ni kibaya kuliko chochote mafundi wa pale wamekiweka.

Ukweli wenyewe uwe mdogo na wa kushikika. Usiseme "inatisha kidogo", hiyo haimsaidii. Sema "kuna joka kubwa upande wa kushoto, litafungua mdomo na kunguruma, ni la plastiki na limefungwa mota, halitoki pale lilipo, tukilipita linaendelea kungurumia watu wa nyuma". Mtoto akishajua joka liko kushoto anakuwa analisubiri, na kusubiri joka ni kitu tofauti sana na kushtukizwa na joka.

Utajuaje kilichomo kama hujawahi kuingia? Video. Karibu kila bembea maarufu mtu ameshalirekodi kuanzia mwanzo mpaka mwisho akaliweka YouTube. Angalia kwanza peke yako usiku watoto wamelala, halafu angalieni wote, mara ya kwanza bila sauti, mara ya pili na sauti, na simu ashike yeye ili akitaka kusimamisha asimamishe mwenyewe. Ila nakutahadharisha, kamera nyingi zinaonyesha mwanga kuliko ilivyo, humo ndani ni giza zaidi ya unavyoona kwenye kioo, kwa hiyo mwambie hilo pia, vinginevyo atakuona umemdanganya kwa njia nyingine.

Na usiamini jina wala ile alama ya urefu wa mtoto inayowekwa mlangoni. Pale Disneyland ya California, ule uwanja mkubwa wa mabembea Marekani, tangu inafunguliwa 1955 kulikuwa na bembea la Snow White, mzazi akisikia hilo jina anafikiria yule binti mpole wa hadithi na vibeti wake saba, kumbe humo ndani mchawi ndo anatawala. Mwaka 1983 walipolitengeneza upya wakaongeza neno la kutisha kwenye jina lenyewe, likawa Snow White's Scary Adventures, na 2021 wakalilainisha wakaliita Snow White's Enchanted Wish. Urefu nao unapima kama mkanda utamshika mtoto, basi, haupimi uoga. Haunted Mansion, bembea jingine la hapohapo Disneyland, ni nyumba ya mizimu kutoka mlangoni mpaka mlangoni lakini haina kikomo cha urefu, hata mtoto wa mgongoni anaingia.

Tukirudi kwenye macho, kuna jambo watu wengi hawalijui. Ukitoka juani ukaingia gizani macho yanahitaji kama dakika 20 mpaka 30 kuzoea giza kikamilifu, na zile dakika za mwanzo huoni vizuri, wewe wala mtoto. Sasa bembea zima linaweza kuisha ndani ya dakika tatu! Ndo maana mtoto analia sana pale mwanzoni hata kabla ya joka lolote. Dawa yake ni rahisi, foleni ikikaribia mwisho mvalishe miwani ya jua au kofia yenye ukingo mpana, akae kivulini, acheze mchezo wa kufumba macho mkihesabu, halafu miwani anaivua mkishakaa kwenye kiti. Na mwambie "mwanzoni hata mama haoni, tusubiri macho yazoee", ajue kwamba kutoona sio kosa lake.

Halafu zile taa za zambarau kama za disko. Mabembea mengi ya gizani yanatumia hizo, na sabuni nyingi za kufulia zina kemikali inayofanya nguo nyeupe zing'ae chini ya hiyo taa. Mimi safari ya pili nilimvalisha binti fulana nyeupe na soksi nyeupe makusudi, tulivyoingia tu akaanza kuwaka kama taa, akainua miguu anashangaa soksi, akanigeukia akacheka "mama meno yako!" na tulipita masanamu mawili ya kutisha hata hakuyaona. Bangili ya kung'aa gizani nayo inafanya kazi nzuri, kale kamwanga kadogo mkononi mwake ni kake, isipokuwa mwangalie asiitafune. Tochi ya simu hapana, unawaharibia wenzako na macho ya mtoto yanaanza upya kuzoea giza.

Nyumbani wiki moja kabla fanyeni mazoezi, na hii sehemu watoto wanaipenda kuliko safari yenyewe. Zima taa, funika meza na shuka, mpakie kwenye boksi au juu ya kitambaa umburute polepole chini ya meza huku dubwana lake la kuchezea likitokeza pembeni. Kisha mbadilishane, yeye ndo awe mtu wa kutisha, wewe abiria. Mtoto aliyewahi kushika dubwana gizani akamtisha baba yake anajua kwamba nyuma ya kila dubwana kuna mtu au mashine. Kama humo kuna mizimu inayopitisha mwanga, fanyeni mchezo wa dirisha, usiku washa taa ndani umsimamishe mbele ya kioo, atajiona yuko nje anaelea gizani. Mizimu inayocheza ukumbini mle Haunted Mansion ni mchezo huohuo wa kioo na mwanga, ule ambao mwanasayansi Mwingereza John Henry Pepper aliuonyesha London mwaka 1862, ni wa zamani kuliko umeme wa majumbani. Binti yangu alishinda dirishani siku mbili anajipungia mkono.

Siku yenyewe ikifika, anza na bembea la ndani lililo jepesi, lenye nyimbo na rangi, asubuhi akiwa ameshiba na hajachoka. Jioni usijaribu, mtoto mwenye usingizi anaogopa hata kivuli chake. Kabla ya kupanda muulize mhudumu kama akibadilisha mawazo anatokea wapi, mengi yana njia ya kutokea pembeni ya foleni, na sehemu kubwa kama za Disney zina utaratibu wa wazazi kupokezana, mmoja anapanda mwingine anabaki na mtoto halafu mnabadilishana bila kupanga foleni upya. Mtoto akiisikia hiyo njia ya kutokea kwa masikio yake mwenyewe, mara nyingi haitumii.

Mkae yeye katikati, asiwe upande unaotokea vitu. Kelele ndo adui mkubwa kuliko giza kwa watoto wengi, vifunika masikio vile vya kubana vinasaidia sana, na akitaka kufumba macho afumbe ila mjue akifumba sauti zinakuwa kubwa zaidi kichwani, kwa hiyo masikio kwanza. Kisha wewe fungua mdomo, tangaza kama mtangazaji wa mpira: "tunapinda kulia, naona mlango, mlango unafunguka, haya lile joka letu hilooo, linanguruma, limepitwa!" Sauti yako iwe ya kawaida, ukipiga yowe wewe umemmaliza. Na kitu kimoja wazazi wanasahau kumwambia, bembea linaweza kusimama katikati ya giza, hasa yale ambayo viti vinatembea mfululizo, wanasimamisha kumpandisha mtu anayehitaji muda zaidi. Mwambie mapema kwamba likisimama sio kwamba limeharibika, mtaimba mpaka litembee. Kusimama kwenye kiti au kutoa mikono nje hapana hata kama analia, mkumbatie palepale mlipo mpaka mwisho.

Akitoka analia usicheke, usimrekodi, na yale maneno ya "mbona wenzako hawalii" yaache. Usimlazimishe kurudia ili "azoee", nimeona baba mmoja akimrudisha mwanae mara ya pili huku amemshika mkono kwa nguvu na sidhani kama yule dogo aliwahi kukubali tena. Mpe maji, mkae juani, muulize kipi kilikuwa kinafanyaje, sio kama aliogopa. Usiku anaweza kukurudia na hayo mambo, acha taa ndogo, mwache achore.

Sisi ile mara ya pili tulivyotoka sikumuuliza chochote. Alipiga simu kwa bibi yake mwenyewe akamwambia lile joka lina mguu uliobanduka rangi, kwa ndani ni jeupe, na kwamba wanatakiwa walipake.