Somo: Bastola mpya na risasi zake 200 za kwanza

Mwezi uliopita mwenzetu mmoja alifika uwanjani na bastola iliyotoka dukani siku tatu tu. Katika risasi 40 ilimkwamia mara sita. Akaifuta, akairudisha kiunoni, akasema ikizoea itanyooka yenyewe. Nilimshika mkono. Bastola inayokwama mara sita katika risasi 40 si ya kutembea nayo, hata iwe mpya vipi, na kuzoea kwake hakuji kwa kukaa kiunoni. Jioni ile tulikaa naye saa mbili, na chanzo hakikuwa bastola. Nimeandika somo hili kwa ajili yake na kwa wengine wanaosubiri kuchukua ya kwanza.

Somo ni la wenye cheti cha silaha. Hapa Kenya cheti hutaja silaha yako na pia idadi ya risasi unazoruhusiwa kununua na kuwa nazo, kwa hiyo panga mazoezi yako ukijua kiasi hicho. Kufyatua ni uwanjani tu, chini ya msimamizi, macho na masikio yakiwa yamekingwa. Mtutu uelekee kwenye tuta la shabaha muda wote, hasa wakati bastola imekwama. Ajali nyingi hutokea hapo: mtu anaikodolea macho silaha iliyogoma, anasahau kidole kiko wapi na mtutu unaangalia nani.

Hatua ya 1: Isafishe kabla ya kuifyatua

Mafuta unayoyakuta kwenye bastola mpya mara nyingi ni ya kuzuia kutu ikiwa ghalani na safarini. Ni mazito, na yakikutana na masizi ya baruti yanakuwa kama gundi. Toa magazini (kasha la risasi linaloingia kwenye mpini), vuta nyuma slaidi (chuma cha juu kinachokwenda na kurudi), tazama chemba (pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa) kwa macho na uiguse kwa kidole kidogo. Rudia. Ndipo uifungue kwa kufuata kijitabu chake, usitegemee kumbukumbu ya video uliyoona. Futa mtutu ndani, chemba, reli za slaidi na mteremko wa kuingizia risasi.

Soma kijitabu kwa sababu watengenezaji hawafanani. Glock, kwa mfano, hupaka grisi yenye rangi ya shaba kwenye slaidi na kukushauri uiache, isaidie sehemu mpya kukaa pamoja. Ukiipangusa kwa bidii zako zote umejinyima kitu ulichokwisha kukilipia.

Hatua ya 2: Mafuta kidogo, mahali pake

Tone moja kwenye kila reli, tone moja juu ya mtutu pale unaposuguana na slaidi, tone kwenye kiungo cha kifyatulio. Yatosha. Chemba na ndani ya magazini vibaki vikavu, na tundu la pini ya kugongea vilevile, maana mafuta yakiganda humo pini inapiga kivivu. Wanaofyatulia sehemu za vumbi wapunguze zaidi: mafuta mengi yanakamata vumbi na kutengeneza msasa wa majimaji.

Hatua ya 3: Zipe magazini namba

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na ndiyo itakayokuokoa. Chukua kalamu ya wino usiofutika, andika 1, 2, 3 kwenye kitako cha kila magazini. Magazini ni bati, springi na kipande cha plastiki kinachosukuma risasi juu, lakini ndiyo inayoamua risasi ifike mbele ya slaidi kwa pembe gani na kwa haraka gani. Mdomo wake ukipinda kidogo tu, bastola nzuri kuliko zote itakwama. Bila namba hutajua ni ipi.

Magazini mpya ya risasi 15 inaweza kukataa ya 15 kabisa, kidole gumba kikauma. Usiipige nyundo. Siku za mwanzo jaza 10 au 12, springi italegea kwa matumizi.

Hatua ya 4: Chagua risasi moja na ukae nayo

Anza na risasi mpya za kiwandani, zenye ncha ya mviringo iliyofunikwa shaba yote. Za kujazwa upya nyumbani ziache kwanza. Kwa bastola za milimita 9, yaani risasi ile ya Georg Luger ya tangu mwaka 1902, utakuta kwenye boksi namba 115 au 124. Huo ni uzito wa kichwa cha risasi kwa kipimo cha greni: 115 ni kama gramu 7.5, na 124 ni kama gramu 8. Bastola mpya ina springi ngumu na reli ambazo bado hazijalainika. Risasi nyepesi iliyojazwa baruti kwa upole inaweza kukosa nguvu ya kuirudisha slaidi hadi mwisho. Ndiyo maana mimi huwaanzisha watu na 124.

Hatua ya 5: Fyatua 50, andika, fyatua tena

Kahr hutaka bastola zake zifyatuliwe risasi 200 kabla hujaziamini. Kimber hutaja 400 hadi 500 kwa bastola zake za muundo wa 1911, ambazo hubana zaidi. Kinachotokea katika risasi hizo ni vitu viwili. Vyuma vinavyosuguana vinapunguza mikwaruzo ya mashine iliyovichonga, na springi zinatulia kwenye nguvu yake ya kudumu. Bastola yenye nafasi pana kati ya vyuma huhitaji kidogo. Iliyobanwa kwa ajili ya usahihi huhitaji zaidi.

Lakini kuna jambo la tatu, nalo kwangu ndilo kubwa: risasi hizo ni mtihani. Jeshi la Marekani lilipokuwa linachagua bastola, Machi 1911, ile ya John Browning kutoka kiwanda cha Colt ilifyatuliwa risasi 6,000. Ilikuwa ikiachwa ipoe na kusafishwa njiani kwa utaratibu uliopangwa, na ilimaliza bila kukwama. Hawakuichukua kwa sababu ya jina la aliyeibuni. Nasi hatuna sababu ya kuiamini ya kwetu kwa sababu ya jina lililochorwa ubavuni.

Nunua daftari dogo. Andika tarehe, aina ya risasi, namba ya magazini, na ilikwama kwenye risasi ya ngapi. Kisha andika ilivyokwama, kwa maneno yako mwenyewe.

Hatua ya 6: Isome ilivyokwama

Kabla hujaigusa, itazame sekunde mbili, kidole kikiwa nje ya kifyatulio. Namna ilivyokwama ni barua.

Ganda tupu limesimama wima, limebanwa na slaidi kama bomba la moshi: slaidi haikurudi nyuma kwa nguvu ya kutosha. Mshuku mkono uliolegea, kisha risasi dhaifu, kisha ukavu wa reli. Ndoana inayolivuta ganda huja mwisho katika orodha.

Risasi imegonga mteremko na kuinamia hapo, pua chini: mara nyingi ni magazini, au haikusukumwa ikaingia hadi ilie.

Slaidi imebaki milimita mbili tatu kufunga: uchafu au grisi nzito, chemba iliyobana, au risasi yenye ganda lililovimba. Hapa bastola mpya ina haki ya kulaumiwa, na mara nyingi hupona yenyewe kati ya risasi ya 50 na ya 150.

Ganda la zamani bado limo chembani na risasi mpya inalisukuma kwa nyuma: hii ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu kugonga kitako cha magazini na kuvuta slaidi hakusaidii. Izuie slaidi ikae nyuma, ng'oa magazini, vuta slaidi mara tatu hadi ganda litoke, kisha anza upya. Ikijirudia na magazini tofauti, ndoana inahitaji fundi.

Risasi zimeisha na slaidi haikubaki nyuma: angalia kidole gumba chako. Watu wengi hukilaza juu ya kizuizi cha slaidi bila kujua.

Sasa njoo kwenye kanuni yenyewe. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Tatizo likihama na magazini namba 2, ni magazini. Likihama na boksi la risasi, ni risasi. Likikoma bastola ikishikwa na mwenzako, ni mkono. Likibaki na bastola baada ya hayo yote matatu, hapo ndipo una neno la kumwambia muuzaji, na una daftari la kumwonyesha.

Yule mwenzetu wa risasi 40? Mara zote sita zilikuwa za magazini namba 2. Tulipoiweka pembeni alifyatua 60 bila kituo.

Hatua ya 7: Pale pa kuacha mara moja

Ukisikia mlio mdogo, kama mtu amepiga kofi kwenye mto, na mkono haukupata teke la kawaida, acha. Usivute slaidi ufyatue tena. Kichwa cha risasi chaweza kuwa kimebaki ndani ya mtutu, na inayofuata itaupasua mtutu karibu na uso wako. Acha pia kama bastola imetoa risasi mbili kwa mvuto mmoja, kama kitasa cha usalama hakizuii, au kama maganda yanatoka yamevimba au yamepasuka. Hayo si mambo ya kuzoea. Ni ya fundi aliyesajiliwa.

Ukifikisha 200 bila kukwama, maliza na risasi zile utakazotembea nazo, angalau magazini mbili. Bastola inayomeza risasi za ncha mviringo inaweza kuzikataa za aina nyingine.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, risasi 200 ni pesa nyingi. Nikikaa nyumbani nikivuta slaidi mara elfu moja, si ni sawa? (Nakuru)*

Inasaidia kidogo, kaka. Reli zinalainika na springi inaanza kutulia. Lakini hakuna risasi inayopanda, hakuna ganda linalotupwa, hakuna teke. Hujaijaribu bastola, umeizungusha tu. Gawanya: 50 kila mwezi, miezi minne, daftari lilelile. Katika miezi hiyo usiihesabu kuwa ya kutegemewa.

*Nina CZ 75, Ceska hii yetu. Nikibonyeza kitufe, magazini inatoka nusu tu, lazima niivute. Imeharibika? (Thika)*

Haijaharibika. CZ 75 nyingi zina kibati cha springi kilichopindwa ndani ya mpini ili kuishika magazini isidondoke chini. Ndivyo ilivyokusudiwa. Wanaoshindana hubadilisha kibati hicho kwa kilichonyooka, na fundi hukifanya kwa dakika chache. Na kwa kuwa umeitaja: slaidi yake hupita ndani ya fremu (mwili wa chini wenye mpini) badala ya nje, hivyo pa kushikia ni pembamba. Ukiona wageni wanateleza wakiivuta, si udhaifu wao. Ishike nyuma kabisa kwa kiganja kizima.

*Mume wangu akiifyatua haikwami. Nikiishika mimi, ganda linasimama kila baada ya risasi nne tano. Ananiambia sina nguvu. (Kiambu)*

Dada, nguvu haihusiani sana. Slaidi inahitaji fremu iliyotulia ili ipate pa kusukumia. Fremu ikirudi pamoja nayo, mwendo unapotea. Pandisha mkono juu kabisa ya mpini, hadi ngozi kati ya gumba na kidole cha shahada ijikunje chini ya slaidi. Kaza kiwiko na kifundo, mkono wa kushoto ujaze nafasi iliyobaki wazi. Kisha jaribu risasi za greni 124. Nimewaona mabinti wembamba wakimaliza siku nzima bila ganda moja kusimama, na wanaume wenye mikono kama mihogo wakikwama. Kama baada ya hapo bado inasumbua, pengine springi ni ngumu kupita kiasi, na hilo ni la bastola.

*Naishi Nyali. Baada ya wiki mbili naona madoa ya rangi ya chungwa kwenye slaidi. Ni mpya kabisa!*

Ni upepo wa chumvi na jasho la kiunoni. Pwani futa nje kila jioni kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, na usiilaze ndani ya mkoba wa ngozi, ngozi hunyonya unyevu. Toa risasi iliyo juu ya magazini uitazame pia. Ikiwa na ukijani kwenye ganda, usiipandishe chembani.

*Fundi wa mtaa amesema atasugua mteremko kwa msasa na kukata mzunguko mmoja wa springi ili ilainike. (Machakos)*

Usimruhusu. Msasa hubadilisha pembe, na pembe haiongezeki tena ikishapunguzwa. Springi iliyokatwa inaacha slaidi igonge fremu kwa nguvu kila risasi, na siku moja utaona ufa. Mteremko ukihitaji kung'arishwa, kazi hiyo ni ya fundi aliyesajiliwa, na ni kung'arisha tu, bila kula chuma.

*Risasi tatu katika 50 hazikulipuka. Fataki, kile kiwashio kwenye kitako cha ganda, ina alama ndogo tu ya pini. Nizifanyeje? (Eldoret)*

Kila inapotokea, weka mtutu kwenye tuta uhesabu sekunde 30, kwa sababu baruti huweza kuchelewa kuwaka. Kisha itoe, uiweke kwenye ndoo ya risasi mbovu ya uwanja. Alama ndogo ina sababu tatu za kawaida: slaidi haikufunga sawasawa, grisi ya kiwandani imebaki kwenye tundu la pini, au fataki za boksi hilo ni ngumu. Anza kwa kusafisha tundu, kisha nunua boksi la mtengenezaji mwingine, risasi 50 tu. Alama zikiwa za kina na zote zikawaka, lile boksi la kwanza lirudishe dukani.