Namna ya kuukabili woga wa uchungu katika mimba ya kwanza

Woga wa uchungu hukuzwa zaidi na masimulizi ya jikoni na ya foleni ya kliniki. Kwa hiyo mwambie mkunga waziwazi, ukiwa bado na wiki za kutosha, ni kitu gani hasa unachokiogopa: maumivu yenyewe, kuchanika, au kuachwa peke yako. Akishajua, atakueleza kwamba uchungu huja na kuachia, kila mkazo ukidumu takriban dakika moja, kisha mwili hupumzika, na kwamba mlango wa kizazi hufunguka taratibu hadi sentimita 10, kazi ambayo kwa mzazi wa kwanza huweza kuchukua saa nyingi bila kuwapo hitilafu yoyote.

Kila usiku fanya zoezi la pumzi: vuta hewa kwa pua, kisha itoe kwa mdomo polepole, kama mtu anayepoza chai ya moto, huku mabega yakilegea.

Uliza mapema kama kituo chako kinaruhusu msindikizaji, jambo linalopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na umchague aliye mtulivu, hata kama shangazi atanuna. Woga ukikunyima usingizi, usiufiche, mweleze daktari.